Chicago, 1919: Tume Iliyoyahoji Magazeti

Tume za uchunguzi huhoji watu. Huita mashahidi, huandika wanayosema, na mwisho hutoa ripoti ambayo serikali huipokea kwa hotuba kisha huifungia kabatini. Tume iliyoundwa mjini Chicago, Marekani, mwezi Agosti 1919 ilifanya hayo yote, lakini iliongeza jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida: iliyahoji magazeti. Watumishi wake walikaa na matoleo ya miaka iliyopita ya magazeti makubwa matatu ya mji huo, Tribune, Daily News na Herald-Examiner. Walisoma habari moja baada ya nyingine wakitazama Wamarekani Weusi wanatajwa lini, kwa neno gani, na katika habari za aina gani.

Kilichowafikisha huko ni ghasia za rangi zilizoua watu 38.

Ili kuelewa kwa nini tume ya ghasia ilijikuta ikisoma magazeti ya zamani, ni vizuri kuanza na mji wenyewe. Mwaka 1910 Chicago ilikuwa na wakazi Weusi 44,103. Miaka kumi baadaye walikuwa 109,458. Vita vya Ulaya vilikuwa vimekata mkondo wa wahamiaji kutoka ng'ambo ya Atlantiki, na viwanda vya Kaskazini vilihitaji mikono. Watu wakapanda treni kutoka Mississippi, Louisiana na Alabama, wakiacha mashamba ya pamba ya watu wengine na hofu ya kunyongwa na makundi ya Wazungu, wakaja kufanya kazi kwenye machinjio na viwanda vya chuma. Gazeti la Weusi, Chicago Defender, lililoanzishwa na Robert S. Abbott mwaka 1905, liliwahimiza waje. Wahudumu wa treni walilibeba hadi Kusini, na huko likapita mkono kwa mkono.

Walipofika walisongamana upande wa kusini wa mji, katika mtaa mwembamba na mrefu ulioitwa Black Belt. Aliyethubutu kununua nyumba nje ya mipaka yake alijua linaloweza kumpata. Kati ya Julai 1917 na Machi 1921, mabomu 58 yalilipuliwa kwenye nyumba za Weusi waliohamia mitaa ya Wazungu, na kwenye nyumba za mawakala Weusi au Wazungu waliowauzia au kuwapangisha. Polisi hawakuwa na haraka ya kuwatafuta waliohusika.

Magazeti nayo yalikuwa na namna yake ya kuuona mtaa huo. Mwandishi wa habari za polisi alizunguka vituoni, akasoma kitabu cha matukio ya usiku, akapiga simu ofisini. Ofisini mwenzake aliyeketi na taipureta aligeuza maelezo yale kuwa habari. Mzungu aliyekamatwa kwa wizi aliandikwa jina, umri na anwani. Mweusi aliyekamatwa kwa wizi uleule aliandikwa jina, umri, anwani na rangi, na mara nyingi rangi ilipanda hadi kwenye kichwa cha habari, ikatangulia mbele ya jina na hata mbele ya kosa lenyewe. Wahariri hawakuona dhambi hapo. Mtu alikuwa Mweusi kweli, na gazeti liliandika ukweli. Ushindani nao ulikuwa mkali, kwa sababu mji ulikuwa na magazeti ya asubuhi na ya jioni yaliyogombea msomaji yuleyule kituoni, na neno lile kwenye kichwa cha habari liliuza.

Chicago ilikuwa na mtu aliyekuwa ameisoma tabia hiyo ya magazeti mapema kuliko karibu wote. Ida B. Wells alizaliwa utumwani Mississippi mwaka 1862, akawa mwalimu, kisha mhariri na mmiliki mwenza wa gazeti dogo la Memphis. Mwaka 1892 rafiki zake watatu, waliokuwa na duka la vyakula lililoshindana na la Mzungu, waliuawa na kundi la watu. Wells alianza kufuatilia habari za mauaji ya aina hiyo. Magazeti ya Wazungu yalizoea kueleza kwamba waliouawa walikuwa wabakaji. Yeye alikuta kwamba katika visa vingi hata tuhuma hiyo haikuwapo. Palikuwa na ugomvi wa kibiashara, deni, jibu la ukali, au mapenzi ya hiari kati ya mwanamume Mweusi na mwanamke Mzungu. Alipoandika hivyo, ofisi ya gazeti lake ilivunjwa akiwa safarini, naye akaonywa asirudi Memphis.

Alihamia Chicago, na huko akaendelea kutumia silaha aliyokuwa ameigundua. Hakutegemea takwimu zake mwenyewe, ambazo wapinzani wangezikataa. Alichukua orodha za mauaji zilizochapishwa kila mwaka na Chicago Tribune, gazeti la Wazungu, akazipanga upya kwa sababu zilizotajwa, na kumwachia msomaji ajionee. Kijitabu chake cha 1895, *A Red Record*, kimejengwa juu ya hesabu hizo. Somo alilolitoa lilikuwa hili: gazeti linaweza kuandika kila tukio kwa usahihi na bado likawafanya watu waamini uongo, kwa sababu uongo umo katika jinsi matukio yanavyochaguliwa na kupangwa.

Julai 1919 Wells aliandikia Tribune barua akiuonya mji kwamba ulikuwa unaelekea kulekule ulikofika East St. Louis miaka miwili kabla, ambako Weusi wengi waliuawa mitaani. Mwezi huohuo Daily News lilimtuma mwandishi wake Carl Sandburg, mshairi ambaye alikuwa bado anaishi kwa mshahara wa gazeti, aingie Black Belt aeleze watu wanaishije. Sandburg aliandika juu ya kodi za nyumba, ajira, shule na vifo vya watoto. Makala zake zilikuwa bado zinachapishwa moto ulipowaka.

Jumapili ya ziwani

Tarehe 27 Julai ilikuwa Jumapili ya joto kali. Watu walikwenda Ziwa Michigan kujipoza. Pwani ya mtaa wa 29 ilihesabiwa kuwa ya Wazungu, na ile ya mtaa wa 25 kuwa ya Weusi. Hapakuwa na sheria wala uzio, palikuwa na mazoea tu, na mstari wa kudhaniwa uliokwenda hadi ndani ya maji. Eugene Williams, kijana Mweusi wa miaka 17, alikuwa majini na wenzake, nao wakasogea hadi wakavuka mstari huo usioonekana. Mawe yalikuwa yakirushwa kutoka ufukweni. Williams akazama.

Hata jambo hili moja lina simulizi mbili. Uchunguzi wa kifo ulisema mwili haukuwa na jeraha la jiwe, na kwamba alizama kwa sababu mawe yalimzuia kurudi nchi kavu. Mmoja wa vijana waliokuwa naye alimsimulia mwanahistoria William Tuttle, karibu nusu karne baadaye, kwamba jiwe lilimpiga Williams kwenye paji la uso. Simulizi zote mbili zinakubaliana juu ya mawe. Zinakubaliana pia kwamba watu waliposhika Mzungu mmoja wakimtaja kuwa ndiye aliyerusha, askari Mzungu aliyekuwa hapo alikataa kumkamata, na muda mfupi baadaye akamkamata Mweusi kwa malalamiko ya Mzungu.

Kutoka hapo habari ilitembea kwa miguu miwili. Upande mmoja ulisikia kwamba Mweusi ameuawa na polisi wamemlinda muuaji. Upande wa pili ulisikia kwamba Mzungu ndiye aliyezamishwa. Kuanzia saa tatu usiku hadi saa tisa alfajiri, Weusi 27 walipigwa, 7 walichomwa visu na 4 walipigwa risasi. Jumatatu, wafanyakazi Weusi waliotoka machinjioni walivutwa nje ya tramu na kupigwa kwa magongo. Weusi nao wakawashambulia Wazungu waliokutwa ndani ya Black Belt, wakiwamo wachuuzi waliokuwa wakitafuta riziki yao. Usiku wa kuamkia Jumanne wafanyakazi wa tramu waligoma, kwa madai yao ya mishahara yasiyohusiana na ghasia, na watu ikawalazimu kwenda kazini kwa miguu kupitia mitaa ya hatari. Meya William Hale Thompson alichelewa kuomba askari wa jimbo hadi Jumatano usiku.

Orodha za majeruhi

Katika siku hizo za mwanzo watu hawakuwa na redio. Aliyetaka kujua kama mtaa wake uko salama alinunua gazeti, na matoleo maalumu yalitoka mfululizo. Kitu alichokitafuta kwanza kilikuwa orodha ya waliouawa na waliojeruhiwa, ambayo iligawanywa kwa rangi: Wazungu fulani, Weusi fulani.

Hapa rangi haikuwa pambo. Katika ghasia za rangi, nani anaumizwa na nani ndiyo habari yenyewe, na gazeti ambalo lingeficha jambo hilo lingekuwa limeficha kila kitu. Ndiyo maana kosa lililofanyika mahali hapo lilikuwa kubwa kuliko mahali pengine popote. Tume ilipolinganisha taarifa za mwanzo na kumbukumbu za hospitali, polisi na mchunguzi wa vifo, ilikuta magazeti yalikuwa yamewapa wasomaji picha iliyopinduliwa. Taarifa kadhaa zilionyesha Wazungu wakiumia zaidi. Hesabu kamili ilikuwa kinyume. Kati ya waliouawa, Weusi walikuwa 23 na Wazungu 15. Kati ya majeruhi 537, Weusi walikuwa 342, Wazungu 178, na 17 rangi yao haikuandikwa.

Fikiria maana ya kosa hilo kwa mtu wa miaka ishirini, mwanachama wa mojawapo ya yale makundi ya vijana wa Kizungu yaliyojiita klabu za michezo, kama Ragen's Colts, anayesoma gazeti la jioni kona ya mtaa. Gazeti linamwambia kwamba watu wake wanashindwa. Tume iliona kwamba taarifa za namna hiyo zilichochea kisasi.

Pamoja na orodha palikuwa na uvumi uliochapwa kabla ya kuhakikiwa. Ilisemwa kwamba Weusi wamevamia ghala la silaha la Kikosi cha Nane cha askari wa jimbo. Ilisemwa kwamba maiti nyingi zimetupwa Bubbly Creek, kijito kilichojaa taka za machinjioni. Jopo la uchunguzi wa vifo lilifuatilia madai ya kijito hicho na halikukuta msingi wake.

Gazeti la Weusi halikuwa na mikono safi pia. Defender la tarehe 2 Agosti liliwaeleza wasomaji kwamba mama Mweusi na mtoto wake mchanga wameuawa kikatili na kundi la Wazungu, likatoa maelezo ya kutisha ya jinsi walivyouawa. Katika orodha ya waliokufa hawakuwapo mama huyo wala mtoto. Msomaji Mweusi aliyeisoma habari ile alikuwa na sababu ya kuchukua bunduki sawa na yule kijana wa Ragen's Colts.

Asubuhi ya tarehe hiyohiyo ulizuka moto karibu na machinjio, katika mtaa walimoishi wahamiaji, wengi wao Walithuania. Nyumba 49 ziliteketea na watu 948 wakakosa pa kulala. Mara habari ikaenea kwamba waliouwasha ni Weusi. Uchunguzi ulielekea kwingine. Jopo la raia lililosikiliza ushahidi liliamini kwamba moto ulikuwa kazi ya Wazungu waliojipaka masizi usoni, kwa nia ya kuwatia Walithuania na Wapolandi hasira wajiunge na vita ambavyo mpaka hapo havikuwa vyao. Waliofanya hila hiyo walijua magazeti na mashahidi wangefanya nini. Walijua kwamba uso mweusi ukionekana, hakuna ambaye angeuliza zaidi.

Jopo hilohilo lilifanya jambo lingine la kukumbukwa. Mwendesha mashtaka Maclay Hoyne alikuwa akiwaletea kesi za Weusi peke yao, siku baada ya siku. Wajumbe, ambao walikuwa Wazungu, waligoma kuendelea hadi waelezwe kwa nini hapakuwa na Mzungu hata mmoja, ilhali ghasia zilikuwa na pande mbili. Kila faili lililoletwa mbele yao huenda lilikuwa na ushahidi wa kutosha. Walichokikataa ni rundo la mafaili kwa ujumla wake. Tume baadaye ilihesabu waliokamatwa: watu 229, Weusi 154 na Wazungu 75. Walioumizwa mara mbili zaidi ndio waliokamatwa mara mbili zaidi.

Kuhesabu

Gavana Frank Lowden aliiunda tume tarehe 20 Agosti 1919, wajumbe kumi na wawili, nusu Wazungu na nusu Weusi. Humo walikuwamo Robert Abbott wa Defender na Victor Lawson, mmiliki wa Daily News. Wenye magazeti waliketi meza moja na watu waliotakiwa kuyachunguza magazeti yao.

Kazi ya utafiti ilimwangukia zaidi Charles S. Johnson, Mweusi wa miaka 26 aliyekuwa ametoka jeshini Ufaransa. Johnson alikuwa mwanafunzi wa Robert Park katika Chuo Kikuu cha Chicago. Park naye, kabla ya kuwa mwanasosholojia, alikuwa amefanya kazi ya uandishi wa habari kwa miaka mingi Minneapolis, Detroit, New York na Chicago yenyewe. Alijua jinsi habari inavyopikwa.

Ripoti ilitoka mwaka 1922 ikiitwa *The Negro in Chicago*, kitabu kizito cha kurasa zaidi ya mia sita. Inazungumzia nyumba, kazi, shule, mahakama. Sehemu yake juu ya magazeti inasomeka hata leo kama imeandikwa kwa ajili ya mhariri wa zamu. Tume ilichukua habari za miaka ya 1916 na 1917, kabla ya ghasia, ikazigawa kwa aina. Sehemu kubwa ya habari zilizotaja Weusi zilihusu uhalifu, vurugu, dhihaka na ugomvi wa makazi. Mambo yaliyojaza siku za watu laki moja, kama harusi, ibada, biashara, zahanati na vyama vya kufa na kuzikana, yalipata nafasi ndogo.

Hapa ndipo kazi ya Johnson ilipokutana na kazi ya Wells. Tuchukue habari fupi ya mtu aliyenyakua pochi kituoni. Kuandika kwamba mnyakuzi alikuwa Mweusi ni kusema kweli. Kesho mwingine, kesho kutwa mwingine, na kila mara ni kweli. Lakini siku hizohizo wamekamatwa wanyakuzi wenye asili ya Ireland, Sweden na Ujerumani, nao wameandikwa majina tu. Baada ya mwaka mmoja msomaji ana kichwani mamia ya wahalifu Weusi, na wahalifu wengine chungu nzima wasio na kabila. Hajaambiwa uongo hata mara moja. Ameibiwa mizani. Ubaya wa mtindo huo ni kwamba hauwezi kurekebishwa kwa tangazo la kuomba radhi, maana hakuna sentensi ya kuifuta.

Kuna hasara ya pili, ambayo matukio ya 1919 yaliionyesha waziwazi. Rangi ikishatajwa, mwandishi hujiona amekwisha kueleza sababu, na uchunguzi hukomea hapo. Moto wa machinjioni ulikuwa na watu fulani walioupanga kwa lengo fulani. Aliyeandika "Weusi" aliacha kuwatafuta. Kuzama kwa Williams kulikuwa na askari aliyekataa kufanya kazi yake. Aliyeandika "ugomvi wa rangi pwani" alimpitisha askari yule bila kumwona. Usahihi na kutaja sifa za mtu, ambavyo kwenye vitabu vya maadili ya uandishi huwekwa katika vifungu tofauti, katika Chicago vilikuwa ugonjwa mmoja.

Mapendekezo ya tume yalikuwa ya wastani. Yaliyataka magazeti ya Wazungu yatumie kwa Weusi kipimo kilekile cha usahihi, haki na uwiano kinachotumika kwa watu wengine, yaache maneno ya matusi, yasikuze habari za uhalifu kwa sababu ya rangi ya mhusika. Yaliyataka magazeti ya Weusi yawe na uangalifu zaidi na ukweli, na yaachane na vichwa vya habari vya kusisimua. Kutaja rangi hakukupigwa marufuku, na kusingeweza kupigwa marufuku, kwa kuwa ripoti yenyewe imejaa rangi tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Bila kuandika 342 na 178 isingekuwa na la kusema. Tofauti kati ya hesabu ya majeruhi na habari ya pochi ni kwamba katika ya kwanza ukiondoa rangi habari inakufa, na katika ya pili ukiiondoa hakuna kinachopungua.

Njia ndefu

Ingependeza kusema kwamba wahariri walisoma, wakatubu. Hata kabla ripoti haijachapishwa, tarehe 31 Mei 1921, gazeti la jioni la Tulsa Tribune huko Oklahoma lilitoa ukurasa wa mbele habari ya Mweusi aliyekamatwa kwa kumshambulia msichana ndani ya lifti. Rangi ilikuwa kwenye kichwa cha habari, na tuhuma iliandikwa kana kwamba imethibitika. Usiku ule kundi la Wazungu lilikusanyika nje ya mahakama, na kufikia kesho yake eneo la Weusi la Greenwood, mitaa 35 ya nyumba na maduka, lilikuwa majivu. Mashtaka dhidi ya kijana huyo yalifutwa baadaye mwaka huohuo. Gazeti halikuwa sababu pekee ya maangamizi ya Tulsa, lakini ndilo lililobeba kiberiti.

Mabadiliko yalikuja kwa kujikokota. Mwaka 1930 The New York Times lilianza kuandika neno "Negro" kwa herufi kubwa, kama lilivyofanya kwa majina ya watu wengine. Mwaka 1946 likatangaza kwamba halitataja rangi ya mtu katika habari isipokuwa pawe na sababu ya msingi. Mwaka huohuo Charles Johnson aliteuliwa kuwa rais wa kwanza Mweusi wa Chuo Kikuu cha Fisk. Kati ya ripoti yake na uamuzi huo wa gazeti ilikuwa imepita miaka 24. Huko Kusini magazeti mengi yaliendelea kumnyima mwanamke Mweusi hata heshima ya "Bi" mbele ya jina lake hadi miaka ya 1960.

Ghasia zilipoikumba miji ya Marekani tena mwaka 1967, tume ya Kerner, iliyoundwa kuzichunguza, ilirudia kazi ya Johnson. Ilikuta lugha ya vyombo vya habari imetulia, lakini makadirio yalikuwa bado yanaruka. Hasara ya Detroit ilitangazwa mwanzoni kuwa hadi dola milioni 500, ilhali ya kweli ilikuwa kati ya milioni 40 na 45. Na katika vyumba vya habari, Weusi hawakufika asilimia 5 ya waandishi na wahariri. Zaidi ya miaka arobaini baada ya ripoti ya Chicago, watu walioandikwa walikuwa bado si watu wanaoandika.

Afrika Mashariki tumelipia somo hili kwa gharama kubwa zaidi. Arusha, tarehe 3 Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliwatia hatiani, kwa kuchochea mauaji ya kimbari, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio RTLM, na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Mwaka 2007 rufaa ilipunguza baadhi ya makosa na vifungo vyao. Hao hawakuwa waandishi waliopitiwa. Walikuwa wachochezi, na si haki kuwaweka kapu moja na mhariri mvivu wa Chicago. Lakini uchochezi wao ulimea katika mazoea ya kumtambulisha mtu kwa kabila lake kabla ya jambo lingine lolote.

Kenya, baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa 2007, ilijifunza upande wa pili wa shilingi. Kanuni za maadili zilizoambatanishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zilitaka habari za mizozo ya kikabila na kidini zichapishwe baada ya ukweli kuhakikiwa, na kwa tahadhari. Magazeti mengi yalikuwa tayari yamezoea kuandika "watu wa jamii fulani." Tahadhari hiyo ina sababu, ila nayo ina bei yake. Pale ambapo watu wanafukuzwa makwao kwa sababu ya kabila, "jamii fulani" humficha mwathirika pamoja na aliyemtendea, na msomaji hujaza pengo hilo kwa majina ya ukoo na uvumi wa simu. Akija karani wa tume baadaye hatakuta cha kuhesabu.

Kwa hiyo kanuni ya kufumba macho haitoshi, kama vile kanuni ya kutaja kila kitu isivyotosha. Somo la Chicago ni mambo mawili ambayo chumba chochote cha habari kinayaweza, kiwe Kariakoo au Nakuru. La kwanza hufanyika wakati habari inahaririwa: ondoa kabila, dini, ulemavu au utaifa wa mhusika, soma tena, na kama habari imebaki nzima, usirudishe. Kama imevunjika, rudisha na ueleze kwa nini. La pili hufanyika mwisho wa mwaka, na ndilo linalokwepwa: kuchukua matoleo yote na kuhesabu ni nani tuliowataja kwa asili yao, katika habari gani, na ni nani hatukuwataja kamwe. Hilo la pili ndilo gumu, kwa sababu hakuna habari moja itakayokutwa na kosa. Kosa litaonekana kwenye jumla tu, kama lilivyoonekana kwa wajumbe wale waliogoma mbele ya mwendesha mashtaka Hoyne.